Handaki Nyuma ya Nyumba ya Bibi

Nyuma ya nyumba ya bibi, kijijini kwetu kwenye bonde la Ruvuma mkoani Mtwara, kuna shimo refu lililoota migomba. Utotoni tulilijua kama jalala. Maganda ya mihogo, majivu ya jikoni, mabibo yaliyooza, vyote viliishia humo, na migomba ya pale ilizaa kuliko migomba yote ya jirani. Tulikuwa tukijificha humo tukicheza kombolela. Siku moja, nikiwa darasa la nne, nilimuuliza bibi kwa nini jalala letu ni refu na jembamba kama kaburi. Akaweka ungo chini.

"Hilo si jalala, mjukuu wangu. Hilo ni handaki. Babu yako alilichimba kwa ajili ya ndege za Mreno."

Babu alilichimba mwaka 1968, mwaka ambao bibi alijifungua mama yangu. Kina chake kilikuwa usawa wa kifua cha mtu mzima. Upana ulitosha watu wawili wakae wakitazamana, magoti yakigusana. Juu alilaza magogo, juu ya magogo nyasi, juu ya nyasi udongo. Mlio wa ndege ukisikika upande wa mto, moto wa jikoni unamwagiwa maji kwanza, ndipo watu wanaingia. Bibi alikuwa akiingia na mtoto mgongoni na sufuria mkononi, maana ukiiacha sufuria nje, aliniambia, ukitoka unakuta mbwa wameshamaliza chakula na wewe hujafa kwa bomu, utakufa kwa njaa.

Nimelifikiria handaki lile maisha yangu yote, kwa sababu Mreno hakuwa na ugomvi wowote na babu. Babu alikuwa na korosho zake, mihogo yake na mtumbwi wa kuvukia kwenda kusalimia ndugu ng'ambo, huko Msumbiji, ambako nako ni kwa Wamakonde. Ndege zilikuja kwa sababu serikali yetu iliamua, kwa makusudi na macho wazi, kuwasaidia majirani waliokuwa wakipigana vita vyao dhidi ya utawala wa Mreno. Uamuzi ulifanyika Dar es Salaam. Handaki lilichimbwa kwetu.

Siandiki haya kulalamika. Naandika kwa sababu wanajeshi wa Tanzania wamevuka tena mto uleule, na nimekuwa nikijiuliza ni nini hasa kilichowafanya watu kama babu na bibi wakubali mzigo ule bila kuuchukia.

Tuanze na hali ilivyokuwa. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, vyama vitatu vya Wasumbiji walioko nje vikiungana chini ya Eduardo Mondlane. Tanganyika yenyewe ilikuwa na miezi sita tu ya uhuru. Mwaka uliofuata, Mei 1963, wakuu wa Afrika walikutana Addis Ababa wakaunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na Kamati ya Ukombozi ya umoja huo ikapewa makao Dar es Salaam. Maana yake kila chama kilichotaka silaha, fedha au mahali pa kufanyia mazoezi kilibisha hodi kwetu.

Na sisi tulikuwa nani? Januari 1964 askari wa Tanganyika wenyewe waliasi wakiwa kwenye kambi ya Colito, wakawafukuza maofisa wao Waingereza na kudai mishahara, na Mwalimu Nyerere akalazimika kufanya jambo lililomuuma sana, la kuwaita wanajeshi wa Uingereza waje kuwanyang'anya silaha. Jeshi likavunjwa. Jipya, Jeshi la Wananchi, likaundwa tarehe 1 Septemba 1964. Tarehe 25 ya mwezi huohuo, wapiganaji wa FRELIMO wakafyatua risasi za kwanza huko Chai, mkoa wa Cabo Delgado kaskazini mwa Msumbiji, na vita vikaanza. Jeshi la nchi iliyokuwa nyuma yao lilikuwa na umri wa siku ishirini na nne.

Kila nikizipanga tarehe hizi nashikwa na aina ya hofu. Mshauri yeyote mwenye akili timamu angesema subirini. Jengeni jeshi lenu, jengeni barabara, Ureno ni mwanachama wa NATO, nanyi hamna hata ndege ya kivita. Nyerere hakusubiri. Tangu mwaka 1959 alikuwa ameshasema kuhusu mwenge utakaowashwa juu ya Kilimanjaro, umulike nje ya mipaka yetu, ulete tumaini pale ambapo hakuna matumaini. Wengi tumeyaimba maneno hayo shuleni mpaka yakazoeleka masikioni. Lakini ukikaa ndani ya handaki unayasikia vingine. Mwenge ule ulipomulika nje ya mipaka, aliyeuona alituma ndege.

Msaada wenyewe ulikuwa wa namna gani? Wapiganaji walipewa kambi. Kongwa, karibu na Dodoma, walikaa FRELIMO, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na wengine. Nachingwea, mkoa wa sasa wa Lindi, ikawa kambi kuu ya FRELIMO, na mahali pale watu walipaita Farm 17. Jina hilo ni la Mwingereza. Kongwa na Nachingwea zote mbili zilikuwa mashamba ya ule mpango wa karanga wa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, uliokula mamilioni ya pauni ukashindwa vibaya. Reli iliyojengwa kutoka Mtwara kwenda Nachingwea kubeba karanga ilishang'olewa. Kilichobaki ni ardhi iliyosafishwa, majengo na kiwanja cha ndege. Kwenye shamba ambalo karanga zilikataa kuota, walifunzwa watu walioiondoa dola iliyokaa Msumbiji zaidi ya miaka 400.

Wakufunzi wa Kichina walikuja Nachingwea. Silaha zilishuka bandarini Dar es Salaam, zikapokelewa na jeshi letu, ndipo zikagawiwa kwa vyama vilivyotambuliwa na Kamati ya Ukombozi. Utaratibu huo ulikuwa na maana kubwa. Mgeni hakuruhusiwa kuzurura na bunduki mitaani kwetu. Pale Kurasini palikuwa na Taasisi ya Msumbiji, shule ya vijana waliokimbia. Mtwara palikuwa na hospitali ya FRELIMO ya majeruhi kutoka ng'ambo. Na vita vyenyewe vilikuwa vyao. Tuliwapa mgongo wa kuegemea, kupigana wakapigana wenyewe, angalau kwa sehemu kubwa ya miaka ile.

Gharama hazikuja kwa ndege peke yake. Tarehe 3 Februari 1969 Mondlane alifungua kifurushi cha kitabu, Dar es Salaam, bomu likamuua. Kando ya Ruvuma mabomu yaliyotegwa ardhini yaliwakata miguu wakulima waliokuwa wakienda mashambani. Mwaka 1965, Uingereza iliposhindwa kumzuia Ian Smith kujitangazia utawala Rhodesia, Tanzania ilivunja uhusiano nayo, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukapotea, katika nchi ambayo wasichana wengi wa umri wa bibi yangu hawakuwa wameona darasa. Wapo waliosema huo ni ukaidi. Upande wa pili wa Ziwa Nyasa, Hastings Banda wa Malawi alichagua njia nyingine, akashirikiana na Wareno na makaburu, na nchi yake isiyo na bahari ikapata njia ya kupitisha mizigo. Simlaumu kirahisi, mtu ambaye mlango wa nyumba yake uko mikononi mwa jirani mbaya ana hesabu zake. Ninachosema ni kwamba njia ya Banda ilikuwepo, ilikuwa rahisi zaidi, na sisi hatukuipita.

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza bibi swali ambalo nilikuwa nikiliogopa. Hamkuwa mkimchukia Nyerere, nyinyi mliokuwa mkilala handakini? Alinishangaa.

"Tumchukie kwa nini? Si tuliitwa tukaambiwa."

Waliitwa na balozi wa nyumba kumi, chini ya mwembe, jioni. Si mara moja. Balozi alikuwa mtu wa kawaida mwenye baiskeli, alitoka kwenye mkutano wa TANU, chama tawala, akaja kuwaeleza kwamba watu wa ng'ambo wanapigwa, wanalimishwa pamba kwa nguvu, na kwamba miaka michache tu iliyopita, pale Mueda, Wareno waliwapiga risasi watu waliokuja kuzungumza nao. Hilo halikuhitaji maelezo marefu. Mueda ni juu ya mlima unaoonekana siku ya mawingu machache, na bibi alikuwa na shangazi huko. Akawaambia wageni watazidi kuja, wengine majeruhi, wengine na watoto. Akawaambia na ndege zitakuja. Hakuwaficha. Babu alianza kuchimba wiki ileile.

Mwaka 1967, kabla ya handaki, walipokea mgeni wao wa kwanza. Mwanamke mjamzito aliyevuka usiku, nyayo zimepasuka kwa kutembea, hana kitu isipokuwa kitenge alichovaa. Alikaa kwa bibi wiki tatu. Chakula kilikuwa haba mwaka ule, wakawa wanachimba ming'oko porini pamoja, wanaichemsha, wanakula na chumvi. Bibi hajasahau namna mwanamke yule alivyokuwa akimenya: kwa kucha, haraka, bila kuangalia, huku masikio yako mtoni. Kisha lori likaja likawachukua wakimbizi kuwapeleka Rutamba, Lindi, kwenye makazi yao. Bibi hakupata kujua kama alijifungua salama.

Nalikumbuka neno lile, "si tuliitwa tukaambiwa", kila ninaposoma habari za serikali yoyote inayopeleka silaha au watu kwenye vita vya wengine. Sera ya ukombozi haikuwa ya siri. Azimio la Arusha la mwaka 1967, ambalo watoto wa shule walilikariri, linataja wazi ushirikiano na vyama vinavyopigania uhuru wa bara zima. Redio Tanzania iliwapa wapigania uhuru vipindi vyao. Mtu wa Mtwara aliyekatwa mguu na bomu la Mreno alijua amekatwa kwa ajili ya nini. Kwangu mimi hapo ndipo sera ya msaada wa kijeshi inaposimama au kuanguka, kabla hujafika kwenye bunduki na bajeti: je, aliyebeba uzito wake aliambiwa anambeba nani?

Lakini sitaki kuwapamba wazee wetu kwa kuficha. Tulipokuwa tukisaidia vyama, tulisaidia pia viongozi wa vyama dhidi ya watu wao waliopingana nao, na hapo mikono yetu haikubaki safi. Mwaka 1975, Nachingwea, Uria Simango aliyewahi kuwa makamu wa rais wa FRELIMO alisimamishwa mbele ya umati akasoma maungamo. Yeye na wenzake kadhaa walipelekwa Msumbiji, na huko wakauawa bila mahakama. Andreas Shipanga wa SWAPO, aliyedai mkutano wa chama uitishwe, alikamatwa Zambia, akaletwa Tanzania, akakaa gerezani kwetu mpaka 1978. Na wapiganaji wa ANC wenyewe, mwaka 1969, serikali yetu iliwaondoa Kongwa ikiwa na wasiwasi nao, wengi wakasafirishwa hadi Muungano wa Kisovieti. Kuhusu mambo haya hakuna balozi aliyeita watu chini ya mwembe. Pale ambapo hatukuambiwa, ndipo yalipofanyika yale ambayo leo tunayaona aibu. Sidhani kama ni bahati mbaya.

Vita viliisha namna ambayo hakuna aliyeitabiri: Aprili 1974 maofisa wa jeshi la Ureno, wamechoka kufa Afrika, waliipindua serikali yao Lisbon. Septemba makubaliano ya uhuru wa Msumbiji yakatiwa saini Lusaka. Mei 1975 Samora Machel, kiongozi wa FRELIMO baada ya Mondlane, alianza safari yake ya ushindi, kutoka Ruvuma mpaka Maputo, akaifika Maputo kabla ya tarehe 25 Juni, siku ya uhuru, miaka kumi na mitatu kamili tangu chama kiundwe Dar es Salaam. Wakimbizi wa Rutamba walianza kurudi. Bibi anasema siku hizo mtoni kulikuwa kama sokoni, watu, kuku, magodoro, nyimbo.

Tuliwafuata na baadaye. Msumbiji huru iliposhambuliwa na Rhodesia, kisha ikararuliwa na waasi wa RENAMO waliosaidiwa na makaburu, wanajeshi wetu walivuka kwenda kuilinda, na mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa Zambezia. Waliokufa kwa ajili ya Msumbiji wengi wamelala Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara. Nimepita katikati ya makaburi yale. Yamepangwa sawasawa, meupe, na jua la pale halina huruma. Mtu akiwa na muda asome majina. Utakuta Mhaya, Mkurya, Mgogo, Mzaramo, watu ambao mama zao huenda hawakuwahi kuuona mto Ruvuma.

Sasa nije kwenye siku zetu.

Oktoba 2017 vijana wenye silaha walivamia Mocímboa da Praia, Cabo Delgado. Wengine waliwaita magaidi, wao wenyewe wakajiita kwa majina ya dini, lakini walizaliwa palepale, katika mkoa wenye gesi baharini na rubi ardhini ambao vijana wake hawakuonja vyote viwili. Vijana wa Kitanzania wamo pia kati yao. Oktoba 2020 walivuka mto wakaingia Kitaya, mkoani Mtwara, wakaua watu, wakachoma nyumba. Kitaya si mbali na kwetu. Mjomba alikuja na jembe na panga asubuhi ya pili, akasimama kwenye ukingo wa lile handaki, akaanza kukata migomba. Bibi akatoka na fimbo yake akamwambia aache.

"Mreno alikuja na ndege, na ndege ina mlio. Hawa wanakuja kwa miguu, usiku, wanazungumza Kiswahili. Ukiwa shimoni watakuita kwa jina, na wewe utaitika."

Machi 2021 Palma ikaangukia mikononi mwao kwa siku kadhaa. Julai mwaka huo Rwanda ikapeleka wanajeshi, na SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ikaunda kikosi chake, SAMIM, Tanzania ikiwemo. Kikosi hicho kilipofungwa mwaka 2024, Tanzania ikaendelea kubaki kwa makubaliano na Msumbiji. Kwa maoni yangu kwenda kulikuwa sahihi. Nyumba ya jirani ikiungua nawe umeshaungua ukingo wa paa, hukai kujadili. Lakini safari hii tunaisaidia serikali, na safari ile tuliwasaidia watu waliokuwa hawana serikali, na tofauti hiyo inahitaji kuzungumzwa kwa sauti. Chama kilichoko madarakani Maputo ni FRELIMO ileile ya Nachingwea. Udugu wetu nacho ni wa kweli, umelipiwa. Je, udugu huo unatupa ujasiri wa kuwauliza wenzetu kwa nini mkoa ulikofyatuliwa risasi ya kwanza ya uhuru ndio uliokuja kuwa na vijana wenye hasira kiasi hiki? Au unatufunga mdomo, kama ulivyotufunga kwa Simango?

Nayasema haya kwa sababu nina mtu huko, mpwa wangu. Na kwetu Wamakonde mtoto wa dada yako ndiye mrithi wako. Alinipigia simu usiku mmoja.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hujalala?"

"Natoka kesho."

"Unakwenda wapi?"

"Karibu na nyumbani, mjomba."

Sikuuliza zaidi, naye ni askari, hakusema zaidi. Nilimweleza bibi asubuhi. Aliuliza swali moja: anakwenda kumsaidia nani? Nilijaribu kumjibu. Nilimtajia SADC, makubaliano, usalama wa mpaka. Alinisikiliza kwa heshima aliyokuwa nayo kwa mgeni anayezungumza lugha ngeni. Nilitamani pale awepo yule mtu mwenye baiskeli, aitishe watu chini ya mwembe, aseme waliotuomba ni hawa, kinachowaua ni hiki, tutakaa mpaka lini, na hatari itakayowafikia nyinyi ni hii. Taarifa fupi za redioni haziwezi kufanya kazi ya mtu yule.

Mwaka jana mpwa wangu alipata likizo akaja kijijini. Alikonda, amekuwa mtu wa maneno machache. Bibi alimketisha kwenye mkeka, akamwekea ugali wa mhogo na samaki, akakaa kumtazama anavyokula. Kisha akamuuliza kama kule watu wana mahandaki. Akasema hapana, bibi, wanakimbilia porini na watoto, wanakaa huko siku nyingi, wakitoka wanachimba ming'oko.

Halafu akakumbuka kitu. Siku moja walikuwa wakigawa maji kwenye kijiji kilichorudiwa na watu wachache, mwanamke wa makamo, mwenye mvi, akamsalimia kwa Kimakonde cha kwetu. Akamuuliza kwenu wapi. Alipotaja, mwanamke akasema mimi mama yangu alinizalia Rutamba, alivuka mto akiwa na mimba yangu, akapokelewa na watu wa kwenu. Akampa ming'oko iliyochemshwa, imefungwa kwenye jani.

Bibi aliacha kila kitu. Akamuuliza jina la mama yake yule mwanamke.

Mpwa wangu hakuwa amemuuliza. Walikuwa kazini, akasema, gari lilikuwa linaondoka.

"Ukirudi," bibi akamwambia, "umuulize."